Mwaka Sabuni Yetu Ilipolindwa

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi wadogo zake tulimwita yaya, alianza kupika sabuni kwa sababu ya hasira. Kabla ya vita alikuwa mchuuzi. Alishuka Kasenyi, kwenye ukingo wa ziwa, akanunua makatoni ya sabuni iliyovushwa kutoka ng'ambo, akapanda nayo Bunia na kuiuza soko kuu. Siku moja lori alilopanda lilikwama mlimani. Alipokuwa ameketi kando ya barabara akisubiri, lori jingine lilipita likishuka kuelekea ziwani, limejaa mapipa ya mawese. Alifika nyumbani amekunja uso, nami nikajua kwamba ameshakata shauri.

"Mafuta ni ya kwetu," aliniambia. "Inatoka hapa mafuta, inarudia hapa sabuni, na siye kazi yetu ni kununua tu. Weye ulisoma kemia. Sabuni inapikwaka namna gani?"

Nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Serikali ilikuwa imetusahau miaka mingi, tukiishi kwa kile wazazi walichochanga. Vita vilipoanza kule Djugu wazazi nao wakaanza kuhama, na darasa langu la mwisho lilibaki na wanafunzi tisa. Nilimwambia yaya kwamba kutengeneza sabuni ni jambo jepesi, mafuta na soda kali ya viwandani, somo la wiki moja. Nilikuwa nimelifundisha mara nyingi ubaoni na sijawahi kulifanya.

Tulianza nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Ngezi, na nusu pipa juu ya mafiga matatu. Sabuni ya kwanza ilibaki uji. Ya pili ilikauka vizuri, nyeupe, na nikajisifu. Yaya aliifulia nguo za nyumba nzima kwa wiki moja. Siku ya saba alinionyesha viganja vyake. Ngozi ilikuwa imebanduka katikati ya vidole. Soda ilikuwa imezidi. Nilitaka kuomba radhi, yeye akasema, "Tuendelee."

Tuliendelea. Nilijifunza kuyachemsha mawese mpaka wekundu wake upotee, kumimina soda polepole, kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia bila kubadili upande. Nilijifunza kuwa sabuni iliyokwisha kumwagwa kwenye kalibu za mbao na kukatwa bado haijawa sabuni. Inataka kukaa kwenye chanja wiki nne, ikipitiwa na hewa, ndipo ukali wake uishe. Nilikuwa na chupa moja ndogo ya dawa kutoka maabara ya shule, ile ambayo tone lake hugeuka la waridi pale soda ilipobaki. Nilipima kila mkupuo, yaani kila pipa lililopikwa. Kwenye daftari niliandika kuni tulizochoma, saa tulizotumia, miche iliyopasuka. Baadaye nikajenga jiko la udongo lililolizunguka pipa lote, na kuni zikapungua karibu nusu. Siku ile nilifurahi kuliko siku niliyopata diploma.

Wakati huo ndipo alipokuja yule mama wa Djugu. Alikuwa mkulima wa maharagwe na viazi. Kijiji chake kilichomwa, mume wake hakuonekana tena, naye akatembea na binti zake wawili mpaka Bunia. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ua wetu. Yaya alimpa katoni moja ya sabuni akauze, kwa kuaminiana tu, na jioni alirudi akiwa amemaliza. Tangu hapo akawa muuzaji wetu sokoni. Alikuwa na tabia ya kusikiliza. Alirudi na maneno ya wanunuzi kama yalivyosemwa: hii inaisha upesi, hii inanuka mafuta, wachimba dhahabu wanaopanda magari ya Iga Barrière wanataka mche mkubwa unaotoa tope jekundu. Mimi niliandika yote kwenye daftari. Wachimbaji wale, Wakristo kwa Waislamu, waliotoka kila pembe, ndio waliotufanya tuongeze pipa la pili, halafu la tatu.

Hata hivyo hatukuweza kuishinda sabuni ya ng'ambo. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, na wao ndio walioshika duane, yaani ushuru wa forodha. Wafanyabiashara wakubwa walipeleka ng'ambo mbao, kahawa na dhahabu, na malori yao yalirudi na sabuni. Kwa kuwa walikuwa wamekula pamoja na makamanda, sabuni ile iliingia bila kulipa chochote. Soda yetu ilipita njia hiyo hiyo, katika malori hayo hayo, na ililipishwa kila gunia. Maana yake kitu kilichokwisha kutengenezwa kwa wengine kiliingia bure, na kile ambacho sisi tungekitumia kutengeneza kilitozwa. Nilipomweleza yaya hivyo, alisema, "Andika barua. Weye uko na Kifaransa."

Niliandika kwa siku tatu. Nilieleza kwamba viwanda vya nchi zote viliwahi kuwa vichanga, na hakuna anayemwachia mtoto anayejifunza kutembea ashindane mbio na watu wazima. Niliomba sabuni ya nje izuiwe kwa mwaka mmoja tu. Niliahidi kwamba katika mwaka huo tutajifunza: tutanunua mashine ya kukandamizia ili miche iwe migumu, tutapunguza kuni zaidi, tutapima kila mkupuo, na mwaka ukiisha mlango ufunguliwe, tushindane kama wengine. Niliandika hata kwamba siku moja lori la sabuni la Bunia litashuka Kasenyi kuvuka ziwa. Niliyaamini maneno yangu yote. Naweza kusema hivyo bado.

Mkubwa wa duane alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Sikulijua jambo hilo mpaka tulipoingia ofisini kwake na yeye akasimama.

"Mwalimu, mukae," alisema. "Na weye mama, ukae."

Nilimkumbuka. Darasani ndiye aliyekuwa akiuliza kwa nini, kila mara, hadi wenzake wakacheka. Sasa alikuwa na shati safi na bastola juu ya meza, amelalisha karatasi chini yake zisipeperuke. Aliisoma barua kwa sauti, taratibu, na alipofika pale pa lori kushuka Kasenyi alirudia sentensi ile.

"Mwaka moja," alisema alipomaliza. "Sabuni ya inje haitaingia Bunia. Lakini mwalimu, muliandika hapa kama mutajifunza. Nitakuja kuangalia."

"Na soda yetu?" yaya aliuliza.

"Soda itapita bure. Lakini kila mwezi mutatoa makatoni kwa ajili ya baaskari."

Yaya alikubali kabla sijafungua mdomo. Tulitoka pale tukitembea haraka kama watu walioiba, na njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuzike mama yetu.

Amri ilitangazwa kwa redio ya mji. Wiki haikuisha, watu walikuwa wamepanga mstari langoni kwetu. Tuliajiri wanawake sita wa kukata na kupanga. Tulipika kila siku, na kila kilichopikwa kilinunuliwa kabla hakijafika chanjani vizuri. Wachuuzi wa Irumu walikuja kwa baiskeli. Kwa miezi miwili ya kwanza nililala kama mtu aliyekwisha kufaulu mtihani.

Sijui ni siku gani hasa tulianza kuharibika. Nakumbuka tu yaya akiwa amesimama mbele ya chanja, akiitazama miche iliyokuwa na wiki moja.

"Ju ya nini tungoje wiki ine?" aliuliza. "Batu biko kwenye mulango, banangoja."

"Bado kali, yaya."

"Itakauka kwao."

Nilibisha siku ile, na siku iliyofuata nilibisha kidogo, na siku ya tatu sikubisha. Wiki nne zikawa mbili, mbili zikawa moja. Mawese yalipoanza kuadimika, kwa sababu barabara ya kwenda Komanda ilikatwa na mapigano, tuliongeza udongo mweupe ili miche ijae. Niliukoroga mimi mwenyewe. Chupa yangu ya dawa ilipoisha sikuitafuta nyingine. Nikagusa sabuni kwa ncha ya ulimi, kama mafundi wa zamani, na hata ulimi ulipochomwa niliipitisha. Kuhusu mashine ya kukandamizia, fundi wa kuchomelea alikuwa ameshaanza fremu yake. Yaya alimwambia asimamishe kwanza. Fremu ile ilibaki imeegemea ukuta, kuku wakapenda kulala juu yake. Daftari langu la kuni na saa niliacha kuliandika. Hakuna aliyenikataza. Sikuona tena sababu ya kujua mambo hayo, maana hata tungepika vibaya namna gani, ingenunuliwa.

Yule mama wa Djugu alikuja asubuhi moja na makatoni mawili kichwani, akayashusha mbele yangu. Yalikuwa yamejaa, kama alivyoyachukua.

"Mwalimu, bamama banalalamika," alisema. "Kule Nyamukau, kwenye banafuliaka, mikono yabo inatoka ngozi. Mutoto moja alioshwa nayo, mugongo ukawa kidonda. Angalia yangu."

Alinyoosha viganja vyake. Nilivitazama kidogo, nikaangalia pembeni.

"Tutarekebisha," nilisema.

"Ulisema vile mwezi ulipita. Sitauza hii tena. Siko nakataa kazi, mwalimu. Nakataa kuuzisha batu kidonda."

Nilimpelekea yaya maneno yale. Alikuwa akihesabu kalibu, hakuinua kichwa. "Bataenda wapi?" alisema. "Ingine hakuna."

Lakini nyingine ilikuwapo. Malori ya wale wakubwa hayakuwa yameacha kuingia. Niliyaona kwa macho yangu kwenye barabara ya Kasenyi, turubai limefungwa, dereva akinyoosha karatasi yenye muhuri wa kamanda, na kizuizi kikiinuliwa. Ndani ya turubai mlikuwa na sabuni ile ile niliyoiandikia barua izuiwe. Iliuzwa madukani kwa kufichwa, kwa bei ambayo wenye nazo tu waliimudu. Watu wa kawaida walibaki na yetu. Na yule mama, baada ya kuturudishia makatoni, alikuwa akipata miche michache kutoka kwenye duka moja, akiikata vipande vidogo na kuiuza sokoni chini ya fungu la sombe, majani ya muhogo. Nilijua. Ngezi nzima ilijua.

Walimkamata siku ya soko, saa nne hivi za asubuhi. Askari wanne walikuwa wakipita wakipekua mabeseni ya wanawake. Mama yule alisema vipande vile ni vya kiwanda cha Ngezi. Kwa kuwa vilikuwa vimekatwa, havikuwa na chapa. Mkubwa wa duane alikuwa pale sokoni siku ile, na ni yeye aliyesema waniite mimi. Mtu alikuja mbio kunichukua. Nilidhani nimeitiwa jambo la kiofisi, nikavaa koti.

Nilipofika, watu walikuwa wameacha duara pana. Mama yule ameketi chini, sombe imetapanyika, binti yake mkubwa akiwa nje ya duara ameshikwa na wanawake wengine. Kulikuwa pia na minong'ono ambayo sikuipenda, kwamba huyu ni mtu wa upande ule, kwamba watu wa upande ule ndio wanaouharibia mji. Alikuwa ameishi nyuma ya ua wetu karibu miaka miwili, na sikuwa nimewahi kusikia mtu akitamka upande wake.

Mkubwa wa duane alinipa kipande mkononi.

"Mwalimu, mama anasema hii ni ya kwenu. Weye ndiye unajua. Ni ya kwenu?"

Kilikuwa kipande kidogo, chenye rangi ya maziwa, laini kama jiwe la mtoni. Nilikisugua kwa kidole. Nilikigusa ulimini. Hakikuwa na ukali hata kidogo. Mtu mahali fulani alikuwa amekipima na kukisubiri. Nakumbuka kwamba kabla ya jambo lolote nilihisi wivu, wivu wa fundi, na wivu ule ulinijaa hata nikasahau nimesimama wapi. Mama aliniangalia. Hakuomba. Neno moja lingetosha. Ningesema ndiyo, ni yetu, ni ya mkupuo wa zamani.

"Hapana," nilisema. "Yetu haiko hivi."

Ndivyo nilivyojibu. Nimejieleza mara nyingi tangu siku ile: kwamba niliogopa, kwamba askari wangegundua, kwamba yeyote aliyeshika sabuni zote mbili angeona tofauti. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini nilichokuwa wakati ule ni mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi mbele ya watu, akatoa jibu sahihi.

Walimpiga fimbo pale pale, kwenye viganja, halafu wakampeleka kwenye kontena la chuma walilolitumia kama gereza. Sabuni yake waligawana.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia yaya. Aliketi kwenye kiti kidogo cha jikoni na kufunika uso kwa kitenge. Kisha akainuka akapika fufu na mboga, akazipeleka kwenye kontena mwenyewe, akiwaomba walinzi na kuwapa kitu kidogo hadi wakakubali. Alifanya hivyo siku zote ambazo mama yule alikuwa ndani. Watu wanaomhukumu yaya siku hizi hawalijui hilo. Na alasiri ya kila siku alirudi kiwandani, akasimamia upikaji wa sabuni ile ile, kama kawaida.

Siku ya nne nilijikaza nikaenda ofisini kwa mwanafunzi wangu. Safari hii hakusimama.

"Mama yule aachiliwe," nilisema. "Ni mujane. Kosa lake ni vipande sita vya sabuni."

"Mwalimu, muliomba sheria. Sheria iko na mikono. Ulizani mikono yake itakuwa ya nani?"

"Niliomba malori yazuiwe. Malori yanapita kila juma, nimeyaona."

Aliinuka akafunga mlango. Aliporudi alikuwa amepunguza sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona tena kijana wa darasani.

"Malori siyo yangu," alisema. "Nikisimamisha lori moja, kesho hapa atakaa mutu mwingine. Kwa bamama wa sokoni, pale ndipo nguvu yangu inafika. Nilizania kiwanda kitakomaa, mwalimu. Nilisoma barua yenu mara mingi."

"Hukuja kuangalia."

"Ningekuja ningeona nini?"

Aliandika karatasi ya kumwachilia mama yule, akagonga muhuri, akaisukuma kwangu bila kuniangalia. Sikumwona tena. Wapo wanaosema aliuawa mji ulipobadili mikono, wapo wanaosema alivuka ziwa. Nimeacha kuuliza.

Mama alitoka. Alihama kutoka nyuma ya ua wetu siku hiyo hiyo, akichukua sufuria zake na binti zake, na alipopita langoni alimsalimu yaya. Mimi nilikuwa nimesimama pale pia.

Jioni ile nilimwambia yaya kwamba sitapika tena mpaka turudi kwenye wiki nne, na udongo uachwe, na fremu ile imaliziwe.

"Na bale bamama sita, batakula nini tukingoja wiki ine?" aliuliza.

"Batakula kidogo."

"Weye unasema vile sababu hauna batoto."

Tuligombana mpaka majirani wakaja. Aliniambia kwamba kiwanda ni chake, kwamba mimi nilileta barua tu na yeye alileta ngozi ya mikono yake. Ilikuwa kweli. Sikwenda kazini siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilimkuta yule fundi wa kuchomelea ameketi uani, fremu mbele yake, akikwangua kutu, na yaya amesimama juu yake akimwelekeza. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mufundi anasema wiki tatu." Nikavua koti nikaenda kuosha chanja.

Wiki zile tulipika kidogo na kwa uangalifu. Nililitafuta daftari, nikaanza ukurasa mpya. Tuliwaambia watu langoni wasubiri, na baadhi walitutukana. Mkupuo wa kwanza wa wiki nne ulikuwa na siku kumi na tisa chanjani vita vilipoingia mjini.

Sitasimulia vita vile vyote, wapo walioona zaidi yangu. Mizinga ilianza asubuhi. Mimi nilikuwa upande mwingine wa mji, nimekwenda kutafuta soda, na sikuweza kuvuka kurudi Ngezi. Niliswagwa na watu kuelekea uwanja wa ndege, ambako kulikuwa na wanajeshi wa kigeni na watu walidhani kutakuwa salama. Yaya alibeba watoto wake mgongoni na mikononi, akashika njia ya Komanda kwa miguu, pamoja na umati mkubwa, na baada ya siku nyingi alifika Beni. Hilo nililijua baadaye sana. Kwa wiki kadhaa nilimhesabu amekufa.

Wenye bunduki wapya walipoingia Ngezi waliuliza kiwanda cha watu wa duane kiko wapi. Hivyo ndivyo tulivyojulikana. Walichukua mapipa, mabati, kalibu, hata ile fremu ambayo fundi alikuwa bado hajaimaliza. Jiko langu la udongo walilivunja wakitafuta kilichofichwa ndani. Sabuni waliimwaga uani, haikuwa na thamani kwao kwa kuwa ilikuwa bado mbichi. Nilipofika pale, wiki kadhaa baadaye, mvua ilikuwa imeshaiyeyusha, na mtaro wa mbele ya nyumba ulikuwa na utando mweupe mpaka barabarani. Jirani mmoja aliniambia kwamba siku ya mvua ile kubwa povu lilijaa mtaani na watoto walicheza ndani yake, huku milio ya risasi ikisikika upande wa soko.

Yaya hakurudi Bunia. Anaishi Beni mpaka leo, anauza sabuni ya kutoka nje rejareja, kama zamani. Tunapozungumza kwa simu huja wakati ambapo anasema, "Tulikosa muda tu. Wangetuachia mwaka mwingine moja." Mimi humwambia kwamba muda tulipewa, tena mwingi. Yeye husema mwaka wa vita haukuwa mwaka, na kwamba mtu haanzi kujifunza na malori yakipita nyuma yake. Hapo huwa sina hakika nani ana haki. Tunahamia kwenye habari za watoto.

Wakati ule wa vita, kabla sijajua kwamba yaya yuko hai, kwenye kambi ya uwanja wa ndege tulikaa chini ya maturubai ya plastiki, maelfu ya watu, na matope, na moshi. Siku moja watu wa misaada walileta sabuni. Tulipanga mstari. Kila mtu alipata kipande kimoja, kimefungwa kwa karatasi yenye maandishi ya lugha nisiyoijua, kimetoka mbali kuliko ng'ambo ya ziwa. Nilikifungua nikakinusa. Kilikuwa kizuri. Nilikuwa bado nimekishika nilipomwona mama wa Djugu, hatua chache mbele, akipokea chake pamoja na binti zake.

Alinitambua. Nilidhani atageuka. Alisimama akanisubiri, nikamfikia.

"Yaya yako?" aliuliza.

"Sijui alipo."

Alitikisa kichwa. "Mungu amusaidie. Alinileteaka chakula."

Tulitembea pamoja mpaka kwenye turubai lake kwa kuwa sikujua namna ya kumwacha. Viganja vyake vilikuwa vimepona, lakini kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikukunjika tena. Nilimwambia nilichokuwa nacho moyoni, kwamba siku ile sokoni ningeweza kusema ni yetu, na nilijua kwamba ningeweza.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakuangalia."

Nilisubiri aendelee. Alikuwa akivunja kijiti cha kuni juu ya goti, polepole, kwa sababu ya kile kidole.

"Niliona vile unaonja," alisema baadaye. "Nilisema, huyu haniangalii mie, anaangalia sabuni."

Aliweka kile kijiti motoni, chini ya sufuria ya maharagwe, akachukua dumu la maji. Binti zake walikuwa wamekwenda kwenye mstari mwingine. Alitazama huku na huku, hakuona mtu, akanitazama mimi.

"Ukae hapa," alisema. "Batu banaibaka sana hapa. Unichungie hii mpaka nirudi."

Nikakaa. Kisima kilikuwa mbali na mstari wake ulikuwa mrefu. Niliongeza kuni mara mbili, nikaongeza maji mara moja, na alipotokea na dumu kichwani maharagwe yalikuwa yameanza kulainika.